Siku Friji Ikinishinda

Trela, Uwanja wa Malori, nyuma ya kiwanda cha mbao
3 Machi

Mwanangu,

Naandika barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikisema neno moja wewe umeshasema saba, tena kwa ile sauti yako ya wodini ya kumwambia mgonjwa arudi kitandani. Kwenye karatasi huniwezi. Simu nimeizima, iko kwenye droo ya vijiko. Dereva wa gari la mkate anapita hapa kila baada ya siku mbili, na hospitali yako iko njiani kwake. Amekubali kuwa tarishi wetu. Nimemshonea kifuniko cha kiti, naye anajiona bosi.

Asante kwa kuja. Asante hata kwa kulia, maana tangu tumzike baba yako sikuwa nimekuona ukitoa chozi, nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Sasa tumalizie mazungumzo yaliyokatika pale mlangoni. Unataka nihamie kwako. Sitaki. Nimeishi ndani ya trela hili miaka kumi na tisa na baba yako, tukiburutwa kutoka machinjio hadi shamba la maua, kutoka shamba la maua hadi kiwanda cha maziwa, yeye akitengeneza vyumba vya baridi vya watu, mimi nikishona maturubai hapo nje kwenye ngazi. Wewe mwenyewe likizo zako zote ulilala humu chini ya meza. Leo limekuwa si mahali pa binadamu kuishi?

Unasema vyombo vya humu vitanishinda. Haya, nisikilize, na usinikatize. Pampu ya maji ikinguruma bila kunyamaza, najua tangi limekauka au kuna bomba linavuja. Hita siiwashi mpaka nione maji yanatoka bombani, kwa sababu ikiwaka tupu inaungua. Betri naifungua kila Jumamosi na kusugua ule unga mweupe kwa maji ya magadi. Sola naifuta vumbi la mbao kila asubuhi, na hapa vumbi la mbao halina likizo. Kila kiungo cha mpira wa gesi nakipaka povu la sabuni, na nikiona povu linavimba nafunga mtungi kwanza, maswali baadaye. Friji nayo inakula gesi hiyo hiyo. Haina mota, haingurumi, ina kimoto cha bluu tu huko nyuma, na eti moto huo ndio unaoleta baridi. Baba yako alinieleza mara mia na bado naona ni kiini macho. Lakini vichupa vyangu vya insulini vimekaa humo miaka yote na sijawahi kudhurika.

Kwa hiyo niliyokuambia kando ya kaburi narudia kwa wino: siku friji ikinishinda, dawa yangu ikakosa baridi, nitakuja kwako mwenyewe na mto wangu kwapani, bila kubembelezwa. Siku hiyo haijafika.

Na asante kwa kulinyoosha trela kabla hujaondoka. Sikujua unaijua jeki hivyo. Tangu ukitoe kile kibao chekundu cha baba yako chini ya gurudumu la kushoto, nimelala bila kuteleza kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na kidonge cha uzi nikikiweka mezani kinakaa pale pale, hakiviringiki tena kwenda mlangoni. Alikuwa akishikilia kwamba mwinamo ule ni wa kuteremsha maji ya mvua paani. Mimi nilinung'unika, yeye akanituma nikaweke chai. Kibao umekichukua ukumbusho, sawa, kiweke vizuri.

Mama yako


Nyumba za Wauguzi, ghorofa ya pili
9 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, bado nina sare. Sikatizi. Nauliza tu.

Friji inasemaje? Kile kipimajoto nilichokubandikia kwenye mlango wa ndani kinaonyesha ngapi? Nataka namba, Mama, sitaki "nzuri". Kati ya mbili na nane ni salama. Ikizidi hapo niambie siku hiyo hiyo, washa hiyo simu uliyoizika na vijiko.

Chumba chako kiko tayari. Nimeweka kitanda cha futi nne, dirisha linatazama kamba za kuanikia shuka za hospitali, na nimetundika pazia la njano kwa sababu najua la kijivu ungelitukana. Ukiumwa, chumba changu kiko ngazi moja chini. Hapo ulipo, kutoka uwanjani hadi hospitali yoyote ni saa mbili na nusu, na hiyo ni kama gari limepatikana. Mimi na wewe tunajua saa hizo zilivyo ndefu.

Sisemi zaidi. Nitumie namba.

Mwanao


Trela
14 Machi

Mwanangu,

Hapa mambo yamepamba moto. Kiwanda kimeniagiza maturubai sita ya kufunikia mbao, na cherehani inanguruma tangu asubuhi hadi macho yanakataa. Juzi pampu ilianza kuniletea kiburi, inakohoa badala ya kuvuta. Nikafungua kile kichujio chake kidogo, nikakuta kimejaa mchanga. Nikakiosha kwa mswaki wa zamani wa baba yako, nikakirudisha, maji yakaruka mpaka kwenye blauzi. Nilicheka peke yangu. Hita nayo ilizimika kwa upepo, nikaiwasha tena: bonyeza, shikilia, hesabu hadi thelathini, achia taratibu. Ningeomba unionyeshe muuguzi mmoja hapo kwenu anayeweza hilo.

Friji inaendelea.

Kuna jambo nataka nikuulize kwa niaba ya mama mmoja hapa uwanjani. Naye ana sukari, naye anajidunga. Anauliza, dawa ikikaa nje ya baridi inadumu siku ngapi kabla haijaharibika? Na je, akiviweka vichupa ndani ya chungu chenye kitambaa kibichi, kivulini, chini ya trela, inasaidia? Ni mtu mwenye aibu, hataki kwenda kuuliza zahanati. Nijibu upesi nimwambie.

Pazia la njano ni zuri. Litundike kwako sebuleni.

Mama yako


Nyumba za Wauguzi
19 Machi

Mama, shikamoo.

Mwambie huyo mama mwenye aibu kwamba chungu na kitambaa kibichi ni bora kuliko kukaa bure, lakini chungu si friji. Mwambie kichupa kikikosa baridi, kiwe kimefunguliwa au hakijafunguliwa, kina wiki nne tu, tena pasipo joto kali. Baada ya hapo akitupe, hata kama ndani yake kumebaki nusu. Mwambie ahesabu kuanzia siku baridi ilipokatika. Kama ilikatika tarehe tatu Machi, basi mwisho wake ni tarehe thelathini na moja.

Na mwambie huyo mama kwamba ana kiburi na kwamba mwanawe anamjua mwandiko.

Kwa nini hukuniambia? Nimekuwa nikingoja simu yako tangu tarehe nne. Kila simu ikilia nasema ni Mama. Nilidhani utaniita siku ya kwanza tu.

Friji imekufa, Mama. Zina umri wake hizo. Uliahidi kwa mdomo wako na ukaandika kwa mkono wako. Nakuja tarehe mbili Aprili na gari la rafiki yangu, siku yangu ya mapumziko. Funga nguo na cherehani. Trela tutaliacha kwa karani wa kiwanda mpaka tuamue.

Mwanao anayekupenda


Trela
24 Machi

Mwanangu,

Haya, umenikamata. Hakuna mama mwingine, ni mimi. Baridi ilikatika siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Nilifungua kuchukua dawa nikakuta maji yamejaa sahani ya chini na barafu imekuwa dimbwi. Nilisimama pale mlango wazi mpaka miguu ikaniuma.

Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungefurahi. Nisamehe kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Nimejaribu kila kitu. Nilifungua nyuma, nikasugua masizi kwenye dohani yake kwa brashi ya chupa hadi nikafanana na mchoma mkaa. Nimebadilisha mtungi. Nimepuliza tundu la gesi kwa pampu ya baiskeli. Moto ni bluu, safi, hauna doa la njano. Dohani inachoma vidole. Ndani, joto la chumbani.

Nikamwita fundi friji wa mjini. Alikuja na miwani ya jua, akaigonga mara mbili kwa kalamu, akasema "Mama, hii tuizike tu," kisha akajitolea kuichukua yeye kama chuma chakavu. Nilimwonyesha mlango. Trela lina mlango mmoja, hakupotea.

Halafu nikakumbuka baba yako alivyokuwa akisema kwamba friji za aina hii zikigoma kwa ugonjwa wa maji kuganda kwenye mabomba, dawa yake ni kuzisimamisha kichwa chini. Nikawaita wapakizi wanne wa mbao. Tulikata riveti zilizoishika ukutani, tukaitoa, tukaipindua hapo uwanjani kutwa nzima, na kila dereva aliyepita aliuliza kama friji imefanya kosa gani. Tukairudisha kwenye shimo lake, kwenye matundu yale yale, nikawasha, nikangoja siku mbili nikijizuia kufungua. Kipimajoto kimeandika ishirini na nne.

Karani aliniruhusu niweke vichupa kwenye friji ya ofisi yake. Nikashukuru mpaka nikagundua kwamba kiwanda kikifunga jioni wanazima umeme wa ofisi zote. Nilimwomba akaniambia ni utaratibu. Nikamwambia utaratibu wake nitaushonea turubai aufunike asiuone. Vichupa nimevirudisha kwenye chungu.

Nimechoka, na ninaogopa. Hilo naliandika mara moja tu, usilitafute tena kwenye barua zangu. Lakini tarehe mbili bado haijafika, na mimi ahadi yangu ni siku friji ikinishinda. Haijanishinda. Tunapigana.

Mama yako


Nyumba za Wauguzi
27 Machi

Mama,

Nakuomba, acha. Usiipindue tena, usiite fundi mwingine, usijichome. Hakuna fundi atakayeiweza. Hiyo friji Baba aliifunga vibaya tangu siku ya kwanza na alijua. Iache ipumzike, na wewe upumzike.

Mto usibebe, nimenunua miwili.

Mwanao


Trela
30 Machi

Wewe,

"Baba aliifunga vibaya tangu siku ya kwanza na alijua."

Nimeusoma mstari huo mara nne. Aliifunga vibaya vipi? Kwangu hakuwahi kusema. Miaka kumi na tisa nimesikia jinsi alivyoifunga friji ile vizuri. Siku aliyoifunga mimi nilikuwa sokoni kununua nyuzi. Ndani ya trela mlikuwa wawili, yeye na msichana wa miaka kumi na minne aliyekuwa akimshikia skrubu, ambaye baba yake alimwita Fundi Mdogo.

Niliweka barua mezani, nikaweka kidonge cha uzi juu yake isipeperuke. Kikakaa. Nikakitazama kilivyokaa.

Nikachukua pima-maji ya baba yako, ile ya kupimia kama kitu kimelala sawa, kwenye sanduku la vifaa. Nikailaza sakafuni: kile kipovu kikasimama katikati, umenyoosha vizuri, hongera. Nikaiingiza ndani ya friji, nikailaza pale vichupa vinapokaa. Kipovu kikakimbia upande mmoja kikaganda huko. Sakafu imenyooka, friji imepinda.

Basi nikaelewa yote, nimekaa chini na pima-maji mapajani: friji ya aina hii ikikaa imepinda, moto huwaka na baridi haitoki. Siku ile trela lilikuwa limesimama kwenye mteremko. Mume wangu, fundi wa vyumba vya baridi, mtu aliyeitwa na viwanda vitatu, akainyoosha friji kwa pima-maji bila kukumbuka kwamba nyumba yenyewe imeinama. Alipokuja kugundua, alikwisha kutoboa ukuta na kupiga riveti. Badala ya kukiri na kuifungua, akachonga kibao, akakipaka rangi nyekundu, na kila tulipoegesha akainamisha nyumba nzima ili friji yake ikae sawa! Kisha akanidanganya ni kwa ajili ya mvua! Miaka kumi na tisa nimelala kwenye mlima kwa sababu ya kiburi cha mwanaume mmoja. Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikakasirika, na nilipokasirika nikakukumbuka wewe.

Kwa sababu wewe ulijua. Ulijua kibao kile ni cha nini. Ulikitoa, ukaniambia "Mama, sasa utalala vizuri," ukanibusu, ukakitia kwenye buti la gari. Na mimi nikakushukuru kwa maandishi.

Nilienda kwa mpasuaji mbao nikamwambia nataka kibao kigumu, unene wa ngumi yangu. Hakuniuliza cha nini. Jeki nilizungusha mwenyewe. Wapakizi walitaka kunisaidia nikawaambia wakae pembeni watazame. Nilisogeza kibao, nikashusha, nikapanda kuangalia pima-maji ndani ya friji, nikashuka, nikatia kipande cha turubai lililokunjwa, nikapanda tena. Kipovu kikasimama katikati. Nikawasha. Bonyeza, shikilia, thelathini. Hiyo ilikuwa jana asubuhi. Leo kipimajoto kinasema tano.

Tano. Ulitaka namba, hiyo hapo.

Tarehe mbili usije. Sitafungua.

Mama yako, ambaye friji haikumshinda


Nyumba za Wauguzi
3 Aprili

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Sikuja jana. Nilikaa ndani ya gari hapo chini, funguo mkononi, nikarudi ghorofani.

Nilijua. Siwezi kuandika kwa namna nyingine. Baba aliniapisha siku ile, akacheka, akasema "Mama yako akijua atanisimanga mpaka kaburini." Niliitunza siri hiyo kwa mapenzi, ilikuwa siri yetu ya kufurahisha. Na halafu nikaigeuza nikakufanyia hivi.

Mara ile nilipokuja sikuwa nimepanga. Nilikuja kukubembeleza. Ukaenda ofisini kwa karani kupima maturubai, nikabaki peke yangu, nikatembea kulizunguka trela, nikakiona kibao. Nikakumbuka maneno yako ya kando ya kaburi, siku friji ikinishinda. Jeki ilikuwa pale pale. Ilinichukua dakika kumi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiambia kesho utapiga simu, kesho kutwa utakuwa umelala kwenye chumba cha pazia la njano, na hakuna atakayeumia. Nilikuwa nimepiga hesabu za dawa zako. Wiki nne, nikasema, wiki nne ni nyingi. Mimi muuguzi, nahesabu siku za dawa ya mama yangu mzazi kama mtu anayetega mtego. Ulipokaa kimya nilishindwa kula, na bado sikusema, kwa sababu kila siku niliyochelewa ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Nataka ujue kwa nini, si ili unisamehe. Jumapili ile Baba alipozidiwa, mlingoja gari saa mbili na nusu. Mimi nilikuwa zamu. Nilikuwa namfunga bandeji mtu aliyeanguka na pikipiki, namwambia "pole, tunamaliza sasa hivi," na wakati huo huo baba yangu anakufa mbele yako na huna hata mtu wa kukushikia mkono. Siku zote nakuona hivyo. Umekaa humo peke yako naye, unatazama barabara. Nikasema halitatokea mara ya pili. Nikasema heri unichukie ukiwa ngazi moja juu yangu.

Dereva wa mkate amebeba boksi la barafu. Ndani kuna vichupa vitatu vipya. Vya zamani vyote vitupe leo hii, hata kama vinaonekana safi. Kwa hili tu nakuamuru.

Kibao chekundu kiko mezani kwangu. Nimekifuta vumbi. Nitamkabidhi dereva safari ijayo akurudishie.

Mwanao


Trela
8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Vichupa vimefika vikiwa vya baridi, barafu haijayeyuka hata nusu, dereva wa mkate alivikumbatia njia nzima akawasahau wateja wake. Vya zamani nimevitupa. Vipya vimekaa mahali pake, tano, leo asubuhi nne na nusu.

Ulilonifanyia ni baya na sitalifunika. Ulinifanya nionekane mzee asiyeweza kitu mbele ya macho yangu mwenyewe. Kuna asubuhi nilisimama mbele ya ile friji nikasema labda wanasema kweli, labda ni kweli nimekwisha. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko dawa. Usirudie kumnyoosha mtu bila kumuuliza.

Lakini kuna kitu umekosea, na nisipokwambia utaendelea kukikosea maisha yako yote. Unaniona nimekaa peke yangu natazama barabara. Haikuwa hivyo. Ilikuwa mchana, tumekula, tumejinyoosha. Yeye upande wa chini, mimi wa juu, na kama kawaida ya mlima ule nilikuwa nimemviringikia, kichwa changu begani kwake, nikimlaumu. Akasema kifua kinambana. Nilimtuma dereva mmoja atafute gari, nikarudi, nikalala pale pale. Saa zile mbili na nusu sikuondoka begani mwake na yeye hakuuondoa mkono wake mgongoni mwangu, mpaka ulipolegea wenyewe. Gari lilikuja kumchukua mtu ambaye hakuwa peke yake hata dakika moja. Wala mimi sikuwa peke yangu.

Mwezi mzima ulioninyooshea kitanda nililala sawasawa, na kila asubuhi niliamka katikati ya godoro sijagusa mtu wala ukuta. Nilidhani ndio ujane wenyewe. Sasa nimeweka kibao changu, nimeanza tena kuteleza upande wake, na nakuambia bila haya kwamba napenda.

Kwa hiyo sikiliza. Kwako siji. Wajenzi wa daraja wameniajiri niwashonee maturubai yote ya kambi yao. Tarehe kumi na tano lori la mbao linaniburuta kwenda huko, saa sita kutoka hapa, na ndiyo, ni mbali zaidi na hospitali, usianze. Gesi nitaifunga kabla ya safari, friji nitaizima, vichupa vitasafiri kwenye boksi lako la barafu. Nikifika nitaegesha mwenyewe. Nina pima-maji na ninajua mahali pa kuilaza.

Nakupa moja tu. Kila asubuhi saa moja nitaitoa simu kwenye droo na kukutumia namba ya kipimajoto. Namba tupu, bila maelezo. Siku namba isipofika, una ruhusa ya kuja mbio. Siku ikifika, nenda kazini.

Kibao chekundu usimpe dereva wa mkate. Si mkate. Kilete mwenyewe, kambini kwenye daraja, siku yako ya mapumziko, na utakiweka wewe chini ya gurudumu la kushoto mbele yangu, nikitazama. Hiki changu nitakitoa, nitakifanya kigoda.

Na utalala, hutarudi siku hiyo hiyo. Chini ya meza hutoshi tena. Utalala kitandani, upande wa chini, mahali pa baba yako. Nikikuviringikia usinisukume. Yeye hakunisukuma hata siku moja.

Mama yako